Bangili ya bibi yako

Mwanangu,

Mirathi imegawanywa, ile bangili ya fedha ya bibi yako sasa ni yako. Usiiyeyushe. Pale ilipopasuka kata kipande cha kutosha pete moja, iliyobaki itunze na nakshi zake.

Na usianze na fedha. Chukua waya wa umeme wa milimita mraba 2.5 (unene wake kama milimita 1.8), umenye kwa kisu (usiuchome, moshi wa plastiki ni sumu), utengeneze pete mbili tatu za shaba kwanza. Kipimo ni kipenyo cha ndani, jumlisha unene wa waya, zidisha kwa 3.14. Kipenyo cha milimita 17 na waya wa 1.8 hutaka milimita 59.

Kabla ya kukunja, pasha moto mpaka uone wekundu hafifu, kisha tia majini. Wekundu huo hauonekani juani, kwa hiyo funga dirisha la upande wa bahari. Na upepo nao hautausukuma moto upande mmoja. Ukifua kipande cha bangili kikaanza kulia kwa sauti kali, kimekuwa kigumu. Kirudishe motoni kabla hakijapasuka.

Machozi yakikujia, mwanangu, zima gesi. Jicho lenye machozi halioni rangi ile. Fedha safi huyeyuka kwa nyuzi 961, lakini bangili nyingi za zamani za pwani zilifuliwa kwa riale za Maria Theresa, sarafu za zamani zenye fedha asilimia 83 tu. Shaba iliyomo huifanya ianze kuyeyuka mapema zaidi, na ghafla.

Siku hiyo shika msasa. Namba 400, halafu 600, halafu 1200 kwa maji, kila namba ukigeuza mwelekeo mpaka mikwaruzo ya mwanzo iishe. Kazi hii haikutaki uamue lolote. Mikono inakwenda, nawe unamkumbuka bibi yako na kulia utakavyo.

Kulehemu kungoje siku moyo umetulia. Inua pete kwenye mwanga: mwanga ukipenya kati ya ncha, rudia kupiga tupa, maana lehemu haizibi pengo. Paka boraksi (dawa ya kusaidia lehemu itambae), weka lehemu ya fedha kama milimita 1 (ile ya fundi redio mara nyingi ina risasi, hula fedha), upashe pete nzima, kwani lehemu hufuata joto. Ikijiviringa tone na kukataa kutambaa, pana uchafu. Osha uanze upya, usiongeze moto.

Weusi utoe kwa maji moto ya ndimu na chumvi. Koleo la chuma lisiingie humo, fedha itatoka na rangi ya shaba. Tumia kijiti.

Na pale kwenye bangili nakshi ilipolika, bibi yako alipokuwa akiisukuma juu kila akitawadha, usipitishe msasa.

Babako