Tarehe anayoiulizia Mama Neema

Old Moshi,
Jumamosi, 9 Machi 2024.

Ndugu yangu Anaeli,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, nikitumaini kwamba wewe, shemeji na watoto mu wazima huko Arusha, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, ila mvua imechungulia mara moja na kurudi ilikotoka. Najua kwamba ni mimi niliyenyamaza tangu Krismasi, na kwamba siku hizi watu wazima hupigiana simu. Lakini jambo hili nimejaribu kukueleza kwa simu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza bei ya mahindi.

Linamhusu dada yenu, Mama Neema. Unajua kwamba mwezi Januari Mahakama Kuu ilimtia hatiani yule kijana aliyemuua mtoto wa dada yenu, kwa mauaji ya kukusudia, na jaji akamsomea adhabu ile moja tu ambayo sheria yetu inayo kwa kosa hilo, yaani kunyongwa hadi kufa. Jumanne nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta nje ya jiko akimenya ndizi mshare, mikono ameipaka mafuta ili utomvu usimgande. Hakuinua macho. Aliniuliza, “Mwalimu, wewe unayesoma magazeti, watamnyonga tarehe ngapi?” Kabla sijajibu akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, “Na je, ni dhambi nikiisubiri hiyo tarehe?”

Swali la pili nililijibu kwamba Mungu ndiye ajuaye moyo wake, ambalo ndilo jibu la mzee wa kanisa asiye na jibu. La kwanza sikulijibu kabisa. Nilichukua kisu cha pili nikaanza kumenya naye, na nilivyo mvivu wa kazi za jikoni, nadhani alielewa kwamba kuna kitu ninamficha.

Ninachomficha ni kwamba hakuna tarehe. Mimi na wewe tunajua kwamba nchi hii haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Majaji wanaendelea kuhukumu kwa sababu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakiwapi njia nyingine, rufaa zinasikilizwa, nyingine zinakataliwa, na baada ya hapo mtu hanyongwi bila amri ya Rais. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba yeye hawezi kusaini kifo cha mtu. Kwa hiyo yule kijana ataishi miaka mingi akingoja kitanzi ambacho huenda kisije, na dada yenu naye ataishi akikingoja kitanzi hichohicho upande wa pili wa ukuta. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, pengine kuliko hoja yenyewe ya kunyonga au kutonyonga. Bwana alisema ndiyo yenu na iwe ndiyo, na siyo yenu iwe siyo. Sisi tumemtamkia mama aliyefiwa ndiyo kubwa, mahakamani, mbele ya watu wamesimama, huku moyoni tukijua kwamba ni siyo.

Kuhusu hoja yenyewe, unakumbuka mjadala wetu chuoni mwaka 1995, Mahakama ya Rufani ilipotengua uamuzi wa Jaji Mwalusanya wa Dodoma, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa amesema kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba. Wewe ulimtetea Mwalusanya. Mimi nilisimama na Warumi 13, kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bure, nikaongeza Mwanzo 9 kwamba damu ya mwanadamu inadaiwa kwa sababu mwanadamu ni mfano wa Mungu, nikamalizia na kifungu cha 16 cha Ungamo la Augsburg, ungamo letu Walutheri la mwaka 1530, kinachosema kwamba Mkristo aweza kuwa hakimu na kuwaadhibu waovu kwa upanga bila kutenda dhambi. Nilishinda kwa makofi. Ninakuandikia leo ili ujue kwamba makofi yale yameanza kuniuma.

Sisemi kwamba hoja zangu zilikuwa za kipuuzi, na ninakuomba usiwe na haraka ya kufurahi. Agizo la Mwanzo 9 alipewa Nuhu kabla ya Musa, hivyo mtu hawezi kulifuta kwa kusema tu kwamba torati imepita. Hata pale msalabani, yule mwizi alikiri kwamba wao wawili wanapata malipo yanayostahili matendo yao. Yesu hakumkosoa, wala hakumteremsha, bali alimwahidi Peponi akiwa bado ananing’inia. Andiko hilo mpaka leo sijalipatia njia ya kulizunguka. Ila nimeanza kuona kwamba mtu kustahili kufa ni jambo moja, na sisi kupewa kazi ya kumuua ni jambo jingine, kwa maana muuaji wa kwanza duniani, Kaini, Mungu mwenyewe alimtia alama ili mtu yeyote asimuue.

Kilichonigeuza zaidi ni masharti ya torati yenyewe, ambayo sisi tunaopenda kuinukuu hatuyasomi. Kumbukumbu la Torati 17 inadai mashahidi wawili au watatu, na inadai mkono wa shahidi uwe wa kwanza kumuua aliyehukumiwa. Maana yake ni kwamba aliyesema “nilimwona” alipaswa kulishika jiwe mwenyewe na kuubeba uzito wake. Katika kesi ya kijana wetu, shahidi aliyetegemewa zaidi ni mtu aliyemtambua usiku kwa mwanga wa taa ya pikipiki. Mimi naamini hakukosea. Lakini nilimwona akitoka mahakamani, akanunua muwa, akaondoka zake akiutafuna, na jiwe tukamwachia askari magereza ambaye hatumjui hata jina. Huenda askari huyo naye ni msharika mahali fulani na Jumapili hupokea meza ya Bwana. Nani atakaa naye jioni ya siku aliyoivuta kamba?

Kisha kuna huu mti wetu. Jumamosi iliyopita, tarehe 2 Machi, ilikuwa siku ya kumkumbuka Mangi Meli, chifu wetu aliyenyongwa na Wajerumani kwenye mti huo hapa Old Moshi mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine wa Kichaga na wa Meru, na ambaye ukoo wake mpaka sasa unakitafuta kichwa chake huko Ulaya. Hakuna mtu hapa kijijini, awe Mlutheri au Mkatoliki, anayesema kwamba serikali ile ilichukua upanga wake kwa haki. Walionyonga walitoka katika nchi ya Luther, na mimi nimelirithi Ungamo lao. Sasa ninajiuliza kwa nini mwaka 1995 nilisoma Warumi 13 kana kwamba kila mwenye upanga ni mtumishi mwaminifu wa Mungu, wakati bibi yangu alinionyesha mti ule nikiwa bado sijaanza shule.

Nyinyi Wakatoliki mna raha, mna Papa wa kuwamalizia mabishano. Agosti 2018 Papa Fransisko alibadilisha namba 2267 ya Katekisimu, ikasema kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kwa kuwa inashambulia utu na hadhi ya binadamu. Hata hivyo msijisifu mno, Katekista wangu. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wenu mkubwa, alifundisha kwamba mtu wa hatari kwa jamii aweza kukatwa kama kiungo kilichooza. Mwaka 1208 Wawaldo, kundi la Wakristo lililotengwa, waliotaka kurudi katika Kanisa walitakiwa kukiri kwamba dola inaweza kutoa hukumu ya damu bila dhambi ya mauti. Na sheria ya Vatikano yenyewe ilikuwa na adhabu hiyo hadi 1969. Kwa hiyo nami nina haki ya kubadilika nikiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ninayempenda zaidi katika kundi lenu ni Agostino, kwa kuwa ni Mwafrika na kwa kuwa hakuwa anacheza na maneno. Wadonati, Wakristo waliokuwa wamejitenga na Kanisa, walipomuua padri wake mmoja, na mwingine wakamng’oa jicho na kumkata kidole, wakakamatwa na kukiri, yeye alimwandikia afisa wa dola, Marcellinus, akimsihi wasiuawe wala wasikatwe viungo, bali wafungwe na kupewa kazi ya manufaa. Mateso ya watumishi wa Mungu, kwa maoni yake, hayapaswi kulipwa kwa mateso yanayofanana nayo. Na Marcellinus huyohuyo, aliyekuwa rafiki yake, mwaka 413 alishukiwa uasi akauawa haraka, Agostino akiwa bado anahangaika kumwokoa. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu.

Ila Agostino aliandika kama askofu, na Mama Neema ni mama. Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Hujui kwamba mwezi uliopita baba wa yule kijana alituma wazee wa ukoo wake na isale, lile jani ambalo sisi Wachaga huombea msamaha. Mimi nilikuwepo. Dada yenu alilipokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka, maana anayeletewa isale hakatai, kisha akalitazama, akasema, “Isale hili limeletwa na watu ambao hawakuua. Aliyeua yuko wapi aniletee mwenyewe?” Akainuka, akaliweka juu ya paa la banda la ng’ombe, akaenda kuchemsha chai. Wazee wakainywa kimya, wakaondoka. Jani bado liko pale juu, limeanza kukunjamana.

Nimehudhuria semina nyingi juu ya msamaha, Anaeli, na sijasikia mtu akilisema jambo hilo waziwazi namna ile. Hajakataa kusamehe. Anasema tu kwamba mwenye deni ni mmoja, na huyo mmoja ndiye tunayetaka kumwondoa duniani, kisha tumwambie mama kwamba amelipwa. Nikiulizwa leo kwa nini nimehama upande, nitaacha kunukuu Maungamo na kuwapeleka watu kwenye banda lile. Wakati huohuo sina ujasiri wa kumwambia kwamba hasira yake ni dhambi. Zaburi zimejaa hasira za namna hiyo, na huwa tunaziimba.

Najua utaniambia, kama ulivyosema ile Pasaka, kwamba huko mjini kwenu mahakama mbili zimekwisha kulijibu swali hili. Ni kweli. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapohapo Arusha, ilisema tarehe 28 Novemba 2019 kwamba sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa kifo bila kupima mazingira ya kosa inavunja haki ya kuishi, ikaitaka serikali ibadilishe. Na mabadiliko bado tunayasubiri. Na ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, iliyokuwa pale kwenye jengo la mikutano la AICC, ilihukumu watu waliopanga mauaji ya kimbari bila kumpa hata mmoja wao adhabu ya kifo, kwa kuwa haikuwa nayo, wakati Rwanda yenyewe mwaka 1998 iliwapiga risasi hadharani watu 22, na ikafuta adhabu hiyo mwaka 2007. Mimi naliona hilo kuwa ushuhuda mkubwa kuliko hotuba zetu, ila sioni namna ya kumweleza mtu anayemenya ndizi kwamba Kigali wameacha, basi naye aache.

Ombi langu ni hili. Wewe ni wa kwao, ukoo mmoja wa Kibosho, na neno lako ana namna ya kulisikia ambayo mimi, niliyemjua kwa ndoa na kwa usharika, sinayo. Ninaomba uje tumwambie pamoja kwamba tarehe haipo. Asipolisikia kwetu atalisikia sokoni, tena kwa mtu atakayeongeza kwamba yule kijana sasa anakula bure kwa kodi zetu.

Kabla hujaja, nitafutie majibu. Kile kikundi cha parokia yenu kinachotembelea wafungwa kinaruhusiwa kuwaona waliohukumiwa kunyongwa, au hao huonwa na makasisi wa magereza peke yao? Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kuandika barua? Na akiiandika, rufaa yake ikiwa bado haijasikilizwa, wakili wake hatasema kwamba amejifunga kitanzi kwa mkono wake mwenyewe? Unafikiri ni haki kwetu kumwomba atubu kwa maandishi kabla mahakama haijamaliza naye? Je, Mama Neema akitaka kuendelea kuisubiri tarehe yake hata baada ya kuambiwa kwamba haipo, tumwache? Na wewe, uliyekuwa upande wa Mwalusanya tangu ujana, ungesema maneno yaleyale kama aliyeuawa angekuwa mwanao? Nijibu hili la mwisho kwa ukweli, hata kama jibu litaniharibia barua yote hii.

Jumamosi ijayo nitakuwa kwake kuanzia saa nne asubuhi, tunapunguza migomba. Kitu cha kwanza atakachoniuliza nakijua. Ukifika Moshi mjini kabla ya saa tatu utapata gari la kupanda huku bila kusubiri lijae mpaka juu. Usimletee sukari, ameiacha. Mletee sabuni ya kipande, utomvu umemharibu mikono.

Wako katika Bwana,
Elifuraha