Nyangwe ilikuwa soko kabla ya kuwa kituo

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu Nyangwe, ule mji wa zamani wa mashariki ya Kongo, ilikuwa ya nani. Nimeona nikuandikie, maana suala hili haliishi kwa maneno mawili.

Kitabu chako kinaiita kituo cha Waarabu cha pembe za ndovu. Ni kweli, ila ni nusu. Wafanyabiashara wa kwetu pwani, Waarabu na Waswahili, walifika kwenye kingo za mto Lualaba miaka ya 1860. Walitoka Bagamoyo, wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Manyema. Nyangwe ndipo njia ya misafara ilipokomea. Walileta nguo, shanga na bunduki, wakapanda mpunga.

Lakini soko lenyewe lilikuwa la wenyeji, na zaidi la wanawake. Wanawake wa Kigenya, watu wa mtoni, walivuka kwa mitumbwi wakiwa na samaki, kuku, vyungu na mawese. David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uingereza, aliyekaa hapo kuanzia mwisho wa Machi hadi Julai 1871, aliandika kwamba hata wakati wa vita wanawake waendao sokoni hawakuguswa. Hiyo ni sheria ya watu walioujenga utaratibu wao wenyewe, na nataka uijue kabla ya hayo yanayofuata.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wapatao 1,500 walikuwa sokoni. Watu wa mfanyabiashara Dugumbi waliingia na bunduki, jambo lisilo la kawaida pale. Wakabishania bei ya kuku, kisha wakafyatua risasi. Wanawake walikimbilia mitumbwini, wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Mwanangu, waliofanya hivyo walitoka kwenye misafara ya kwetu. Tukijivunia Kiswahili kilivyofika Kongo, na hili tulibebe. Habari zake zilipofika Uingereza zilizidisha shinikizo kwa Sultani Barghash, aliyetia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Mvumbuzi Henry Stanley alipita Nyangwe mwaka 1876 pamoja na Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa Unguja, akashuka na mto hadi baharini. Baada yake wakaja Wabelgiji. Gongo Lutete, kiongozi wa kivita aliyekuwa upande wa Waarabu, alipowaacha na kujiunga na Wabelgiji, mizani iligeuka, na Machi 1893 jeshi la Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, likaiteka Nyangwe. Mji ule mkubwa ukaharibiwa. Jina limebaki kwenye ramani ya Maniema, yaani Manyema ile ile, pamoja na mpunga na Kiswahili cha wenyeji.

Usitosheke na maneno yangu. Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda, nao ukafifia. Wataalamu walizipiga kurasa hizo picha kwa mianga mbalimbali hadi zikasomeka, na tangu 2011 zipo wazi kwenye intaneti. Anza na ukurasa wa tarehe 15 Julai, kisha unipigie tuzungumze.

Mama yako