Upinde wako mwenyewe, fundi wa nini?

Mhariri, salamu toka huku Pennsylvania. Wabongo wenzangu tunaowinda kulungu kwa upinde wa kampaundi (ule wenye vigurudumu juu na chini) kitu kikilegea kidogo tu tunakimbilia dukani, hela inaisha bure jamani. Kujua kama mshale unaruka sawa, tundika karatasi kwenye fremu, simama hatua mbili tatu, piga mshale upite afu cheki tundu: mkia wa mshale ukichana juu kuliko ncha yake, shusha kidogo pale unapopachika mshale kwenye ugwe (kamba ya upinde), milimita moja tu, urudie tena. Ugwe ukianza kutoa manyoya paka nta, sugua na vidole mpaka iyeyuke. Ila kubadili ugwe wenyewe bila mashine ya kukandamiza upinde usithubutu, na usimwachie mtu avute upinde na kuufyatua bila mshale, unapasuka huo!