Barua ya wazi kwa shemeji, kabla hamjapanda mlimani Desemba

Shemeji yangu,

Salamu kutoka Njoro. Nilimwomba mkeo ruhusa kabla ya kuandika, naye akakubali kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu yeyote, si lako, si lake, wala la mtoto. Nakuita shemeji kwa sababu mkeo ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukiuza nyanya meza moja pale soko la Mbuyuni, na kwa desturi zetu mume wa rafiki ni shemeji hata kama koo zenyewe hazijawahi kuketi pamoja. Ningeweza kukuambia haya uso kwa uso ukishuka kwenye Coaster yako jioni, lakini najua wapo mashemeji wengine, hapa Moshi na huko Arusha unakopeleka abiria kila siku, ambao wamepata mtoto wa mgongo wazi kama wako na kama wangu na hawana wa kuwaambia.

Desemba hiyo inakuja. Mtapanda Kibosho kama ilivyo ada, ndugu watatoka Dar es Salaam, Mwanza na kokote walikotawanyika, mbuzi atachinjwa, na baada ya kisusio wazee wataitisha kikao. Mkeo anakihofia kikao hicho kuliko alivyohofia mlango wa chumba cha upasuaji siku mtoto alipofungwa mgongo. Analijua swali litakaloulizwa, kwa kuwa shangazi yako ameshalitanguliza kwa simu: huu mgongo wazi umetoka upande gani, kwetu au kwao?

Naomba uwe na jibu kabla hujafika huko juu. Mahali panapotengenezwa uti wa mgongo wa mtoto huanza pakiwa bapa, kisha hujikunja na kujifunga, na kazi hiyo yote hukamilika ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Pasipofunga, ndipo mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Sababu huwa ni mchanganyiko: vinasaba, ambavyo mtoto huvichukua kwa baba na kwa mama pia, upungufu wa asidi ya foliki mwilini, kisukari cha mama, baadhi ya dawa za kifafa. Kwa wazazi walio wengi hakuna daktari awezaye kusema ni hiki hapa. Habari za mama aliyemcheka mlemavu njiani, au aliyeolewa na mkosi wa kwao, hazimo kabisa katika hesabu hiyo. Mimi sipingi maombi, na mzee akitaka kumwekea mtoto mikono amwekee. Ila yako maombi ambayo ndani yake mama ameshahukumiwa, na hayo uyakatae ukiwa umesimama, watu wote wakisikia.

Kama wazee wanataka kuzungumzia uzazi, basi wazungumze la maana. Mwaka 1991 ulichapishwa Uingereza utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa, kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa aina hii, nao ulionyesha kwamba asidi ya foliki ikimezwa kwa kipimo kikubwa kabla ya mimba na katika wiki zake za kwanza hupunguza hatari ya jambo hilo kujirudia kwa takriban asilimia 70. Kwa hiyo siku mtakapotaka mtoto mwingine, mwende kwa daktari kwanza, wote wawili, kwa sababu kipimo cha mkeo ni miligramu 4 au 5 kwa siku, mara kumi na zaidi ya kile cha wanawake wengine. Vidonge vya FEFO, vya madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo wanawake hupewa wakihudhuria kliniki ni vizuri kwa damu, lakini mwanamke anapofika kliniki na mimba ya miezi mitatu au minne, mgongo wa mtoto umeshafunga au umeshashindwa kufunga zamani. Na hilo linawahusu mabinti wote wa ukoo wenu. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi zinavitaka viwanda vikubwa kuongeza asidi ya foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi, lakini unga tunaousaga kwenye mashine ya mtaani haupitii huko, na mtori, kiburu na machalari havijawahi kupita kiwandani hata siku moja. Sisi watu wa ndizi tunapaswa kumeza kidonge.

Hayo ni ya kikao. Kikao kitakwisha, mbege itakwisha, ndugu watarudi mijini, na mtoto atabaki mikononi mwa mkeo, na hapo ndipo hasa nilipotaka tufike. Watu wakimwona mama wa mtoto kama wangu au wako humhurumia kwa sababu ya mtoto. Kanisani wananiita mama jasiri, na jina hilo silipendi, kwa sababu aliyeshaitwa jasiri haulizwi tena kama amelala. Kinachomchosha mama ni saa. Saa za mtoto huyu zimepangwa na mwili wake, hazisogei, na katika nyumba nyingi ninazozifahamu zote zimeangukia kwa mtu mmoja.

Nianze na mkojo, jambo ambalo hakuna atakayelitaja mbele ya wazee. Mishipa inayoamuru kibofu hutoka chini ya pale mgongo ulipokuwa wazi, kwa hiyo kibofu hakijimwagi chote. Mkojo unaobaki hupata vijidudu, na mgandamizo ukizidi huurudisha kwenye figo na kuziharibu kidogo kidogo bila mtoto kulia wala kulalamika. Kinga yake ni ule mpira mwembamba, katheta, unaoingizwa kwenye njia ya mkojo ili kukimwaga kibofu kila baada ya saa tatu au nne, kisha unaoshwa kwa sabuni, unakaushwa na kungoja zamu nyingine. Zamani iliaminika kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika nje ya hospitali, mpaka mwaka 1972 daktari wa Marekani aitwaye Jack Lapides alipoonyesha kwamba usafi wa kawaida, maji na sabuni na mikono iliyooshwa, unatosha. Sasa hesabu na mimi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Mzigo wa nyanya hushushwa Mbuyuni alfajiri, na mteja wa jumla haji ukiwa na nafasi, anakuja akiwa na nafasi yeye. Ndiyo maana meza yetu leo ina mtu mwingine. Fedha zilizokuwa zikitoka pale hazionekani katika hesabu yoyote ya gharama za mtoto, ingawa wewe unazihesabu pampasi, nauli na dawa, na unazihesabu vizuri.

Zamu ya saa kumi na mbili asubuhi wewe uko barabarani, nakubali. Ya saa nne usiku uko nyumbani, unatazama mpira.

Halafu kuna shanti. Wewe dereva unajua kwamba gari haichemki ghafla, mshale hupanda kwanza, na asiyeutazama ndiye husema imechemka ghafla. Ule mrija uliopita chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, unaweza kuziba au kuingia vijidudu wakati wowote, mwaka huu au miaka kumi ijayo. Dalili zake uzijue kwa kichwa kama mkeo anavyozijua: utosi kujaa na kukaza, kutapika bila sababu, kulia kusikotulizika, usingizi mzito usio wa kawaida, homa, macho yanayoelemea chini hadi weupe wa juu ukaonekana. Ukiona hayo mkimbize hospitali, usingoje kupambazuke, wala usipige simu kijijini kuomba ushauri. Weka pembeni nauli ya usiku ambayo haiguswi kwa jambo jingine lolote, na namba ya dereva wa bajaji ambaye simu yake haizimwi.

Ujue pia mwanzo wa chombo hicho. Miaka ya 1950 kulikuwa na fundi mitambo wa Marekani aitwaye John Holter, ambaye mwanawe alizaliwa mwaka 1955 na mgongo wazi, na kichwa chake kikajaa maji kama cha binti yako. Mirija ya wakati ule iliziba ovyo. Holter hakuwa daktari, lakini vali na mipira alivielewa, basi akaingia karakana yake na kutengeneza vali ambayo ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1956 na kusambaa duniani. Mwanawe hakuishi miaka mingi, ila wapo watoto wengi waliokua kwa sababu ya kazi ya baba yule. Mimi hupenda kukumbuka kwamba alikuwa fundi, mtu wa mikono, kama ulivyo wewe.

La ngozi ni dogo kwa maelezo na kubwa kwa kazi. Miguu ya binti yako huenda isihisi maumivu wala joto, au ihisi kidogo tu. Binti yangu anatembea kwa viatu vya chuma na magongo, na jioni moja nilipomvua kiatu nilikuta kokoto limebanwa chini ya kidole gumba, ngozi imefanya lengelenge na lengelenge limeshapasuka, soksi imegandia pale, naye ameshinda shuleni akicheka na wenzake bila habari yoyote. Tangu utotoni miguu yake hutazamwa kila jioni, katikati ya vidole na nyuma ya kisigino, kwa taa. Hakuna kumkalisha karibu na jiko la mkaa, hakuna bakuli la mtori wa moto mapajani, na maji ya kuoga hupimwa kwa kiwiko chako. Tena kila muuguzi mtakayekutana naye mwambieni mapema kwamba mtoto aepushwe na glavu na mipira ya lateksi, yaani mpira wa utomvu wa mti, maana watoto wengi wa mgongo wazi hupata mzio nayo.

Kuhusu kutembea sitaki kukuahidi kitu, kwa sababu inategemea mishipa iliyoguswa. Lakini katika jambo hili tunaishi mahali pazuri: pale hospitali ya KCMC pana chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa viungo bandia na viatu tiba kutoka nchi nyingi za Afrika, wakati kuna mama husafiri siku nzima kutoka mikoa mingine kuja kutafuta tunachokifuata sisi kwa daladala. Mambo ya shule tutayazungumza wakati wake. Shule ya kwanza niliyoiendea iliniambia haina choo cha kumfaa mtoto kama yule, kana kwamba nilikuwa nimeomba choo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma, na ni vizuri baba ndiye aende kuisoma mbele ya mwalimu mkuu, kwa kuwa akienda mama huambiwa arudi na mumewe.

Nimesikia Mama, yaani mama yako, ameahidi kuwatafutia binti kutoka kijijini aje amsaidie mkeo. Moyo wake ni mzuri na umshukuru. Lakini kama binti mwenyewe ni yule anayetakiwa kuanza kidato cha kwanza Januari, mrudishie Mama jibu la heshima kwamba hapana. Msaada tunaoutaka kutoka mlimani ni mwingine: njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani kwa wazee isawazishwe, maana ile ngazi ya mawe kati ya migomba mtoto hataipita kwa magongo wala kwa kiti cha magurudumu, choo cha pale kihambani kiwekewe mahali pa kukalia, na kila kaka yako mwenye mshahara achangie bima ya mtoto mwaka kwa mwaka, kwa daftari, siyo kwa kumtumia mkeo elfu kumi na ujumbe wa pole. Haya ndiyo uyapeleke kikaoni. Atakayerudia swali la upande gani mjibu kwamba ni upande wako, kwa kuwa mtoto ni wako, kisha muulize yeye atachangia kiasi gani.

Jumamosi saa nne asubuhi mkeo alikuwa aje kwangu tuifanye katheta pamoja, ingawa muuguzi wa kliniki ameshamfundisha na kazi anaiweza. Nimemwambia abaki nyumbani alale. Najua Jumamosi hiyo Coaster iko gereji, kwa hiyo mtoto utamleta wewe. Njoo na sabuni ya kipande, taulo dogo safi, na vile vipira vyake kwenye kopo lenye mfuniko. Na ukate kucha.