Kempa inayolia: kwa nini hatuifungi moja kwa moja kwenye chasisi

Ombi tunalolisikia kuliko yote hapa karakanani kwetu Uyole, Mbeya, ni hili: "Fundi, ikaze vizuri, isitikisike hata kidogo." Anayesema hivyo ana lori, tuseme Canter au Isuzu ya kati, na ana kempa, yaani chumba cha kulala anachotaka kipandishwe juu yake: kitanda, jiko, tangi la maji. Mara nyingi anataka pia kuvuta tela. Ombi lake lina haki, barabara za huku tunazijua wote. Lakini tukifanya kama anavyosema, kempa itapasuka baada ya safari chache, naye atarudi kutulaumu, na lawama itakuwa ya kwetu.

Msimu wa mvua uliopita mzee mmoja mstaafu alituletea lori lililofungwa kempa kwingine. Baada ya shikamoo akasema tu, "Mwanangu, nyumba yangu inalia." Alikuwa ameshakwenda nayo Matema mara tatu. Kwenye pembe ya juu ya mlango kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ukishuka kwa mshazari urefu wa kiganja. Maji yalishaingia ukutani. Ukibonyeza plaiwudi kwa kidole, inabonyea kama mkate uliolowa. Gari likiwa tambarare, mlango ulifunguka vizuri. Tulipolipandisha gurudumu moja kwenye tuta la hapo nje, mlango ukakwama. Chini yake tulikuta bolti nane, zote zimekazwa kwa nguvu, chuma juu ya chuma.

Kosa lilikuwa hapo hapo kwenye kukaza. Chasisi ya lori ni mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, na imeundwa ijipinde. Ikijipinda, magurudumu yote yanabaki chini hata kwenye mashimo. Kempa haijipindi. Chukua kiberiti uone: toa ile droo ya ndani, ishike pembe zake na uizungushe, inapinda bila shida. Irudishe kwenye ganda lake ujaribu tena, inagoma. Kempa ni kiberiti kilichofungwa. Ukikigandisha kwenye kitu kinachojipinda, nguvu itatafuta pa kutokea: pembe ya mlango, fremu ya dirisha, bolti, au chasisi yenyewe nyuma tu ya kabini. Hapo kwenye chasisi ndipo panaponitisha, kwa sababu ufa wake hauonekani mpaka uingie uvunguni na tochi.

Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote tunalaza fremu ya kempa juu ya chasisi bila bolti. Kisha tunapandisha gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia juu ya magogo. Pembe ya fremu inabaki hewani, nasi tunamwomba mwenye gari aingize mkono. Akishaona vidole vyake vinapita pale alipotaka tukaze, hatuna haja ya kueleza zaidi.

Tunachofanya ni kutengeneza fremu ya pili, inayokaa kati ya kempa na chasisi. Nyuma, karibu na ekseli, inashikwa imara. Mbele inashikwa na bolti ndefu zenye springi zilizobanwa, ili chasisi ikijipinda springi ziruhusu nafasi ifunguke, kisha ziivute fremu irudi. Ipo njia nyingine, ya egemeo moja katikati mbele na mawili nyuma, ambayo inafaa zaidi kwa gari la kuingia porini Ruaha miezi kadhaa kila mwaka. Kwa wateja wetu wengi napendekeza springi. Bei yake ni nafuu, na ikikatika ukiwa Makete fundi wa huko ataielewa.

Hatutoboi ukingo wa juu wala wa chini wa chasisi, na hatuichomelei. Joto la kuchomelea linakidhoofisha kile chuma, na ufa huanzia hapo. Tunatumia matundu ya kiwandani, au vishikio vya kubana.

Sasa tela. Wengi huhesabu uzito wa tela peke yake na kusahau unaokaa kwenye kiungio, pale tela inaposhikana na lori, ambao kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya tela. Tela ya kilo 1,500 inaweka kilo 150 pale nyuma. Kama ekseli zako mbili zimeachana mita 3, na kiungio kiko mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, basi ekseli hiyo inabeba kilo 225 zaidi, na ya mbele inapungukiwa kilo 75. Usukani unakuwa mwepesi, na ukiwa unateremka Kitonga huo si wepesi wa kufurahia. Ndiyo maana tangi la maji tunaliweka chini, mbele ya ekseli ya nyuma: lita 200 ni kilo 200, na zikining'inia mkiani zinaongeza tatizo lile lile. Tela inayopita kilo 750 ikiwa haina breki zake yenyewe, sisi hatuifungii kiungio. Tumeshapoteza wateja kwa hilo na msimamo wetu ni ule ule.

Mizani nayo isisahaulike. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500, na lori lenye kempa hufika huko haraka. Kadi ya gari nayo ibadilishwe TRA (Mamlaka ya Mapato) ionyeshe bodi mpya, na bima waambiwe.

Yule mzee tulimshushia kempa, tukabadilisha ukuta wa upande wa mlango na kumwekea springi nne. Tulimwomba arudi baada ya kilomita 500 tukague nati, maana springi mpya hulegea kidogo zikishakaa. Alirudi akitokea Kitulo, amepanda zile kona hamsini na saba za kutoka Chimala hadi Matamba. Tela yake aliiacha Chimala kama tulivyomshauri, kwa kuwa kwenye kona zile tela hukata ndani na kushukia mtaroni. Nati mbili zilihitaji robo mzunguko.

Ukija kwetu, njoo na lori tupu, tangi la dizeli limejaa, na orodha ya kila utakachobeba, hadi mtungi wa gesi. Tutaanzia mizani, kisha magogo.