Maneno ya Kijapani tuyachukue kwa wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala kuhusu utamaduni wa Japani iliyotoka Jumamosi iliyopita, pamoja na picha iliyoambatana nayo. Nimekuwa mkalimani wa Kijapani na Kiswahili hapa Mombasa kwa miaka mingi, na maneno yaliyotajwa katika makala ile nimeyabeba mdomoni karibu kila siku ya kazi yangu. Nilifurahi mno kuona gazeti la Kiswahili limeyapa ukurasa mzima. Furaha hiyo ilianza kunitoka niliposoma maelezo ya picha.

Picha inamwonyesha msichana wa shule ya upili siku ya maonyesho ya tamaduni, amevaa kimono cha buluu chenye maua meupe. Chini yake mmeandika "Geisha wetu". Nilikuwapo ukumbini siku hiyo. Mtoto alipendeza, na hotuba yake aliijua kwa moyo. Lakini waliomvisha walilaza upande wa kulia juu ya upande wa kushoto, na kwa Wajapani anayevishwa hivyo ni maiti. Aliye hai, awe mwanamume au mwanamke, hutanguliza upande wa kulia mwilini, kisha wa kushoto ukaja juu yake. Fikiria, Mhariri, mwanao apande jukwaani akiwa amefungwa sanda, na watu wakimpigia makofi.

Mama mmoja wa Kijapani aliyekuwa miongoni mwa wageni aliinuka taratibu, akamwendea, akamwomba radhi, akamchukua nyuma ya pazia. Niliitwa nitafsiri. Akaufungua ule mshipi mpana wa kiunoni uitwao obi, akaupitisha mkononi mkunjo baada ya mkunjo usiguse sakafu, akageuza nguo, akafunga upya mgongoni. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kidogo. Aliniomba nimweleze msichana kwamba hakukosea chochote. "Mwambie tu kuwa bado ana maisha marefu," alisema. Picha mliyochapisha ilipigwa kabla ya hapo.

Neno lenyewe kimono ni jepesi kabisa: ki ni kuvaa, mono ni kitu. Kitu cha kuvaa, basi. Makala ilisema "kimono hii" na "kimono hizi", nami naona tunajinyima. Kitabu kilitujia kutoka Kiarabu, tukakisikia kina ki- mwanzoni, tukakipa vitabu, na leo hakuna anayekiona mgeni. Kimono nacho kimekuja na ki- yake. Tuseme kimono hiki, vimono hivi. Na aliyezaliwa pwani hahitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Mikono mirefu inayoning'inia ya kimono kiitwacho furisode humtambulisha msichana asiyeolewa; akiolewa, mikono hufupishwa. Mama zetu walilijua hilo kwa leso, tena leso nyingi walizojifunga zilichapwa huko huko Japani na kuletwa kwa meli.

Sasa hilo la "geisha". Makala ilieleza kwamba geisha ni mwanamke wa kuuza mwili wa zama za kale. Hapa siwezi kunyamaza, kwa sababu mmemwita mtoto wa watu jina hilo kwenye picha, kisha pembeni mkalieleza hivyo. Gei ni sanaa, sha ni mtu. Geisha ni msanii. Hujifunza kwa miaka kucheza, kuimba, kupiga shamisen, ambayo ni ala ya nyuzi tatu, na kuendesha mazungumzo ya wageni wasichoke. Kule Kyoto huitwa geiko, na mwanagenzi wake huitwa maiko. Tena geisha wa kwanza kabisa, katika karne ya 18, walikuwa wanaume, wachekeshaji na wapiga ngoma wa karamuni. Wanawake wa madanguro yaliyoruhusiwa na serikali walikuwa watu wengine, wenye majina mengine. Waliokuwa juu kabisa kati yao, waitwao oiran, walifunga obi mbele, na geisha hufunga nyuma. Mjapani wa enzi hizo alitambua kwa jicho moja tu, kutokea ng'ambo ya barabara.

Na sisi wa pwani tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu hapa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wasichana maskini kutoka kisiwa cha Kyushu, hasa sehemu za Amakusa na Shimabara, walipelekwa ng'ambo kufanyishwa ukahaba. Baadhi yao walifika hadi Unguja. Wajapani huwaita karayuki-san, waliokwenda ng'ambo. Hawakuwa geisha. Walikuwa mabinti wa wakulima na wavuvi waliosukumwa na umaskini, na wengi hawakurudi kwao. Tukiwachanganya wote katika neno moja, tunamchafua msanii, na wale mabinti tunawapotezea hata jina lililosimulia safari yao.

Kwa upande wa vita na utawala nitapita haraka, ingawa makosa ni mengi. Shoguni hakuwa "mfalme wa Japani". Mfalme ni tenno, na alikuwapo Kyoto wakati wote huo. Shoguni ni amiri jeshi aliyepewa cheo na tenno, kisha akashika nchi kwa mkono wake. Minamoto no Yoritomo alikipata cheo hicho mwaka 1192, Tokugawa Ieyasu mwaka 1603, na ukoo wa Tokugawa ukatawala kutoka Edo, mji ambao leo ni Tokyo, hadi mamlaka yaliporudishwa kwa tenno mwaka 1867. Waliokuwa chini ya shoguni, wenye maeneo yao, ni daimyo, maana yake jina kubwa. Utajiri wao ulipimwa kwa mchele. Koku moja ni kama lita 180, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, na hakuitwa daimyo ambaye ardhi yake haikufikia koku 10,000.

Samurai, mliandika, ni "shujaa asiye na bwana". Ni kinyume chake hasa! Neno linatokana na kitenzi saburau, yaani kutumikia, kuwa karibu na mkubwa ukingoja kuagizwa. Samurai bila bwana hayupo. Akifiwa na bwana, au bwana akinyang'anywa nchi, ndipo anapokuwa ronini, mtu wa mawimbini, anayepelekwa na maji popote. Neno hilo bado liko hai: kijana wa Kijapani aliyeshindwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, akakaa nyumbani mwaka mzima akijiandaa kuurudia, naye huitwa ronini. Na katika amani ya zaidi ya miaka 200 chini ya ukoo wa Tokugawa, samurai wengi walikuwa makarani. Walivaa panga mbili kiunoni, lakini kazi yao ilikuwa hesabu, kodi na barua. Mwaka 1876 hata panga zenyewe zilipigwa marufuku kubebwa hadharani.

Kosa lililoniuma zaidi, japo wengine wataliona dogo, ni kuiita desturi ya Wajapani ya kumwandalia mgeni chai "sherehe ya chai". Najua lilikotoka. Mwandishi alilikuta katika Kiingereza akalitafsiri neno kwa neno. Msomaji wa Kiswahili akisikia sherehe anaona maturubai, ngoma na sinia za pilau. Wajapani wenyewe husema chanoyu, maji ya moto ya chai, au chado, njia ya chai. Hiyo do ni njia, ndiyo ile ile ya judo, njia ya upole, na ya kendo, njia ya upanga. Vijana wetu wanaocheza judo wameitamka maisha yao yote bila kuambiwa. Sen no Rikyu, aliyefariki mwaka 1591, ndiye aliyeipa njia ya chai sura tunayoijua. Kibanda chake kilichobaki, karibu na Kyoto, kina chumba cha mikeka miwili tu. Mlango wake haufiki mita moja kwa upana wala kwa urefu. Huingii umesimama. Unapiga magoti na kujivuta ndani, daimyo na mfanyabiashara sawasawa, na upanga unabaki nje kwa kuwa hapo haupiti. Mle ndani ndipo neno wabi linapoeleweka: utulivu wa kitu kichache, kilichochakaa, kisicho na makuu, bakuli la udongo lililopinda kidogo upande mmoja. Mimi nasema njia ya chai, na hakuna mzee wa Kiswahili aliyewahi kuniuliza ni nini hiyo.

Ninachotaka kusema, Mhariri, ni kwamba hatuna haja ya kupitia kwa Mwingereza ili tumfikie Mjapani. Lugha hizi mbili zinakaribiana masikioni kuliko tunavyodhani. Irabu zao ni tano kama zetu, a, e, i, o, u, na silabi zao karibu zote huishia kwa irabu. Neno tsunami, tsu ni bandari na nami ni wimbi, tulilitamka bila shida tangu siku lilipotufikia, Desemba 2004.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwenye ushairi. Makala ilisema haiku, shairi fupi la Kijapani, ina "silabi 17", 5, 7, kisha 5, na ikaishia hapo, kana kwamba jambo hilo ni geni kwetu. Sisi tuna mizani! Mjapani anahesabu kwa vidole kama malenga wa Lamu. Na tazama hili: kwetu neno mtu lina mizani mbili, m na tu, kwa kuwa ile m inajitegemea. Kwao n ya mwishoni mwa silabi hujitegemea vile vile. Nihon, jina la nchi yao, ni ni-ho-n, mizani tatu. Shinbun, yaani gazeti, ni shi-n-bu-n, mizani nne. Nimewahi kujaribu kumweleza jambo hili mgeni wa Ulaya, tukatumia asubuhi nzima. Mwanafunzi wangu wa Kisauni alilielewa kabla sijamaliza sentensi, akaanza kugonga meza akihesabu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, maelezo ya picha yasahihishwe katika toleo lijalo: yule ni mwanafunzi aliyevaa kimono, basi, na neno geisha liondolewe. La pili, mwandishi wa utamaduni anapokutana na neno la Kijapani, amuulize anayeijua lugha hiyo kabla halijapigwa chapa. Tuko wengi hapa mjini, na hatutadai malipo.

Picha ya pili, iliyopigwa baada ya yule mama kumfunga msichana obi upya, ninayo. Upande wa kushoto uko juu. Msichana na mamake wameridhia itumike, nami nitaileta ofisini kwenu Jumatatu asubuhi.

Wako mwaminifu,
Mkalimani, Mombasa