Spika zibaki getini Udzungwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu tunaopenda kupanda Milima ya Udzungwa, hasa njia ya maporomoko ya Sanje. Siku hizi makundi mengi yanapanda na spika, muziki ukilia kuanzia mwanzo wa njia hadi juu. Wakishuka wanalalamika kwamba wamelipa kiingilio na hawakuona mnyama hata mmoja. Wanyama walikuwepo. Wamewafukuza wenyewe.

Udzungwa si Mikumi. Kule unakaa garini, na tembo aliye kwenye nyasi unamwona hata injini ikinguruma. Hapa, tangu ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, mgeni anatembea kwa miguu, na msituni macho hayafiki mbali. Mnyama anaanza kujulikana kwa sikio: matunda yanadondoka, tawi linatikisika bila upepo, mbega anaita bondeni. Anayepanda na muziki anabaki na jasho na picha ya maporomoko.

Ng'olaga wa Sanje, aina ya nyani wa msitu huu, ni ushahidi tosha. Wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1979, na walimpata kwa kumsikia kwanza. Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa msituni waliposikia mlio ambao hawakutarajia kuusikia upande huu wa Afrika. Wenyeji walikuwa wakimfahamu mnyama huyo siku zote, na jina wakampa. Ng'olaga hushinda muda mrefu chini, akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu, kwa hiyo mtu aliyetulia anaweza kumtazama akila bila kuinua shingo. Kwa kishindo cha spika hutamwona hata mkia.

Yuko pia mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye nywele nyekundu utosini, ambaye duniani kote hapatikani ila katika milima hii na misitu ya jirani kama Magombera. Huyo humvumilia mtu kiasi, na mara nyingi hufuatana na kima. Ukiwakuta, simama. Usiwanyooshee kidole wala kuwapigia mluzi. Baada ya muda wanaacha kukujali, wanarudi kula majani, watoto wanaanza kurukiana juu ya kichwa chako. Sijui starehe inayozidi hiyo, na inapatikana kwa kunyamaza tu. Minde, swala wa msituni asiyepatikana nje ya Tanzania, ni mgumu zaidi. Hadi mwaka 2003 hakuna aliyekuwa amempiga picha porini. Simwahidi mtu kumwona, lakini ajue anapita katika makazi yake.

Kuna wanaosema kila mtu amelipa, basi afurahi anavyotaka. Siwaelewi. Vijiji vya Mang'ula na Sanje vinaishi ukutani mwa hifadhi, na akina mama wa huko walikuwa wakiruhusiwa kuingia kuokota kuni zilizokauka hadi ruhusa hiyo ilipoondolewa mwaka 2011. Wameacha kuni za kupikia kwa ajili ya msitu huu. Mgeni wa siku moja anashindwaje kuzima redio kwa saa chache?

Na wanaorusha ndizi na biskuti ili kima washuke wapigwe picha, waache. Kima aliyezoea biskuti anaanza kunyang'anya mabegi, kisha anateremka mashambani kwa watu, na huko anapigwa mawe. Tena maradhi yetu ya kifua yanaweza kuwaambukiza. Mwenye mafua akae mbali nao.

Msinielewe vibaya, siwalaumu waongoza wageni. Wengi wao wanaijua milima hii kwa undani, wanatambua mlio wa ndege kabla wewe hujasikia chochote. Lakini kijana anayetegemea bahashishi atamwambiaje mteja wake azime muziki? Nimemwona mmoja akiomba kwa adabu zote, akachekwa, akanyamaza hadi tuliposhuka. Mzigo huu asiachiwe yeye.

Ombi langu kwa wasimamizi wa hifadhi ni kwamba spika zikabidhiwe getini na kurudishwa mgeni anapotoka, na katazo hilo liandikwe kwa Kiswahili kikubwa mahali pa kulipia, ili mwongoza wageni awe na cha kuonyesha. Makundi makubwa yagawanywe, yaondoke kwa kupishana. Na ninyi mnaoandaa safari za mabasi kutoka Morogoro na Dar es Salaam, waambieni watu wenu kabla basi halijaondoka, na mfike asubuhi na mapema, jua halijawa kali, wakati mbega bado wanakula. Mkifika saa sita mchana mnakuta wamepumzika kivulini, juu kabisa, na hapo hata mkinyamaza mtaona machache.

Msomaji wenu,
Ifakara